Sura ya Sita: Pua Iliyong'aa Mno

Spindo ilikuwa imekufa tena, na safari hii Bosi alishaamua nani muuaji.

"Ni shemeji yangu," alisema kabla Koplo hajaweka begi chini. "Wewe nionyeshe tu alivyofanya. Ukishanionyesha, leo halali hapa."

"Na nisipokuonyesha?"

"Utanionyesha. Si ndiyo kazi yako?"

Koplo hakuwa koplo tena. Polisi aliacha zamani, lakini cheo kiligoma kumwachia. Kabla ya polisi alikuwa fundi wa kusuka mota, kwa hiyo watu walimwita pale mashine inapokufa na kuna mtu anashukiwa. Kadi hana, ofisi hana. Ana begi la spana, vipimo viwili vya umeme na tabia ya kuuliza swali lilelile mpaka mtu achoke kudanganya.

Aliangalia karakana. Bati juu, saruji chini, milango imeegeshwa ukutani kama watu wanaosubiri daktari. Katikati palikuwa na mashine yenyewe, CNC, meza pana ya chuma inayochonga kwa kuongozwa na kompyuta. Juu ya meza kuna daraja, na kwenye daraja imening'inia spindo, ile mota ndefu nyembamba kama chupa ya chai inayoshika kisu na kukizungusha kwa kasi ya ajabu. Ikizunguka, ubao unakuwa mlango. Ikigoma, ubao unabaki ubao na mteja anabaki mlangoni anafoka.

Kwenye msumari karibu na mashine ilitundikwa ovaroli ya bluu. Ilikuwa imepigwa pasi. Mikono ilikuwa na mstari ulionyooka kama wa suruali ya harusi.

"Hii ya nani?"

"Ya mume wangu."

"Yuko wapi?"

"Kazini."

"Wapi?"

"Mbali," alisema Bosi, akaingia ofisini.

Mpaka rangi wa karakana, waliyemwita Redio kwa sababu hazimiki, alisogea na brashi yake mkononi. "Ng'ambo," alinong'ona. "Aliondoka mimi nikiwa bado na nywele. Mwanzo simu kila wiki. Ikawa kila mwezi. Siku hizi ukisikia simu ya mezani inalia, ujue ni mtu amekosea namba. Lakini ovaroli inafuliwa kila Jumamosi, Koplo. Haijavaliwa, inafuliwa."

"Sijakuuliza."

"Ndiyo maana nimekwambia mwenyewe."

Shemeji alikuwa amesimama upande wa pili wa mashine, mikono mfukoni. Kijana mrefu, mabega yameinama kidogo kama mtu aliyezoea milango mifupi. Alikuwa shemeji wa Bosi peke yake, lakini karakana nzima ilimwita Shemeji, na wateja, na hata muuza gundi.

"Wewe ndiye unaiendesha?"

"Ndiyo, mzee."

"Ilianzaje?"

"Ilianza kulia."

"Kulia vipi?"

"Kama mtu anayesaga meno usingizini. Halafu pua yake, hii ncha ya mbele, ikawa moto. Halafu ikawa kila nikiwasha, inveta inakata."

"Ukafanya nini?"

"Nikazima."

"Ukamwambia nani?"

"Shemeji yangu, Bosi."

"Akasemaje?"

"Akasema nimeiua."

Shemeji alikohoa, vumbi. Mlangoni mwa ofisi Bosi aligeuka ghafla, uso wote umefunguka, akaona ni nani, akageukia pembeni.

Redio alimgusa Koplo kiwiko. "Umeona? Wanakohoa sawasawa, yeye na kaka yake. Kama fotokopi."

Koplo alianza kazi. Alizima swichi kubwa ya ukutani, akachomoa waya, akakaa juu ya ndoo akisubiri. Inveta ndiyo sanduku linaloilisha spindo umeme na kuipangia mwendo, na hata ukiizima inabaki na umeme tumboni kwa muda. Anayeharakisha hapo anazikwa. Taa yake ndogo ilipokufa kabisa, alichomoa plagi ya spindo akaweka kipimo. Nyaya tatu, akazipima mbilimbili. Namba zikafanana. Akapima kati ya waya na mwili wa mota. Hakuna umeme unaovuja.

"Mota haijaungua," alisema.

"Haijaungua?" Bosi alitoka ofisini. "Sasa mbona haizunguki?"

"Ndiyo nauliza."

Muuaji mwenye haraka angemaliza kazi kwenye inveta. Mtu akitaka kuua spindo bila kuacha alama, anabadilisha mipangilio tu. Anaipa umeme wa mota ya kawaida, spindo inapika yenyewe, na yeye yuko nyumbani anakula. Koplo aliwasha inveta peke yake, akapitia namba moja baada ya nyingine, akizilinganisha na kibati cha maelezo kilichopigwa ubavuni mwa spindo. Zote zilikuwa sawa.

Akahamia kwenye maji. Spindo ile ilipozwa kwa maji yanayosukumwa na pampu ndogo kutoka kwenye ndoo. Mpira ukikunjwa au pampu ikichomolewa, joto linaua mota kimyakimya. Aliwasha pampu, akachomoa mpira wa kurudishia. Maji yalitoka kwa nguvu, safi, hayana utelezi wala majani.

"Nani anabadilisha maji haya?"

"Mimi," alisema Shemeji.

"Mara ngapi?"

"Yakianza kuwa na rangi."

"Muuaji anayebadilisha maji," alisema Redio. "Huyo ni muuaji mwenye adabu."

"Wewe huna mlango wa kupaka?" Bosi alimkemea.

Koplo alishika ncha ya spindo kwa vidole, pale kisu kinapofungwa, akaizungusha polepole. Alifumba macho. Spindo nzima inatakiwa kuzunguka kama kisu kwenye siagi. Hii ilikuwa na mchanga ndani. Inakwenda, inasita, inakwenda.

"Beringi," alisema. "Zile pete za gololi za mbele. Umeme haujafanya kosa lolote."

Waliishusha spindo, wakailaza mezani juu ya gunia. Koplo akavaa miwani. Ile pete ya mbele inayofunga beringi ina matundu mawili, inafunguliwa kwa spana yake maalumu yenye pini. Kandokando ya matundu palikuwa na mikwaruzo mipya, inang'aa. Mtu alishaifungua kabla yake, bila spana hiyo. Alitumia bisibisi na nyundo.

Hakuinua kichwa. "Nani aliifungua hii?"

Redio alishusha brashi.

"Nauliza, nani aliifungua?"

"Mimi," alisema Shemeji.

"Lini?"

"Jumapili. Siyo iliyopita, ile ya kabla yake."

"Karakana imefungwa."

"Niliruka ukuta."

"Kufanya nini?"

"Kuangalia ndani."

"Uliona nini?"

"Ndani."

Bosi alipiga makofi mara moja, kwa uchungu. "Umesikia? Umesikia mwenyewe, Koplo? Naambiwa kwa mdomo wake! Nimekulisha, nimekupa chumba, kaka yako aliniachia wewe kama mdogo wangu wa tumbo moja, na unaruka ukuta wangu kama mwizi wa kuku! Unataka mashine ife niuze, sivyo? Niuze kila kitu, kaka yako akirudi akute uwanja mtupu?"

"Shemeji, mimi sijasema..."

"Hujasema chochote! Ndiyo tatizo lako! Nenda kafunge mfuko wako."

Shemeji alimwangalia kidogo, kama mtu anayetaka kuweka kitu chini lakini hajui pa kukiweka. Halafu akaenda chumbani kwake nyuma ya karakana. Bosi akarudi ofisini, akafunga mlango. Dirisha lake lilibaki wazi, likiangalia mashine.

Redio alisubiri mlango utulie. "Kuna jingine," alisema. "Sikutaka kusema mbele yake."

"Sema, kabla hujapasuka."

"Juzi nilimwona Shemeji anatoka kwa yule jirani wa kona. Yule mwenye CNC kubwa kuliko hii, anayetunyang'anya wateja. Alikuwa ameshika kifurushi kidogo hivi. Aliponiona akakitia shatini. Sasa wewe niambie. Mtu anatoka kwa adui yenu na kifurushi, ni nini kama siyo shukrani?"

"Inaweza kuwa nini?"

"Mimi nimeona tu. Kufikiri ni kazi yako."

Koplo alirudi mezani. Kesi ilikuwa imejifunga yenyewe, vizuri mno. Mtu ameruka ukuta, amefungua mashine, amepokea kitu kwa mpinzani, anakiri bila kubanwa. Kesi za namna hiyo zilimfanya awashwe shingo.

Akafungua pete, akavuta mhimili wa chuma unaozunguka, uliobeba beringi, akazitoa moja moja, akiangalia kila moja ilikaaje kabla ya kuigusa.

Hapo akasimama.

Beringi za spindo hazikai ovyo. Zina mgongo na uso, zinabeba mzigo upande mmoja tu, na za mbele zinakaa mbili zikiwa zimepeana migongo. Ukikosea kuzigeuza zinakufa siku hiyohiyo. Hizi zilikuwa mpya, na zilikuwa zimekaa sawasawa. Mgongo kwa mgongo. Mtu aliyezitia alizifuta, akazisukuma kwa bomba laini ili zisipigwe, akafunga pete kwa bisibisi maskini lakini kwa uvumilivu, kidogo kidogo, huku na huku, ndiyo maana mikwaruzo ilikuwa mingi hivyo.

Anayetaka kuua mashine hasumbuki kuangalia beringi zimegeukia wapi.

"Jumapili ile," Koplo aliiambia meza, "hakuja kuiua. Alikuja kuitibu."

Sasa nani aliyeiua baada ya matibabu?

Alichukua beringi, akaipasua kifuniko. Mle ndani inatakiwa iwe grisi nyeupe, nzito kidogo, kiasi cha punje chache. Yeye alikuta uji. Uji wa kahawia, umejaa vumbi la MDF, lile vumbi laini la mbao za kubandika ambalo lilikuwa kila mahali humo. Alisugua uji ule kati ya vidole. Ulikuwa mwepesi. Alinusa. Haukuwa na harufu ya oili ya injini wala ya taa. Mafuta mepesi, meupe, hayana harufu. Mafuta ya namna hiyo yakiingia yanaiyeyusha grisi, yanaitoa nje, halafu vumbi linakuja kukaa kwenye nafasi yake.

Lakini vumbi halijileti lenyewe. Mbele ya beringi kuna kofia ya chuma, na kati ya kofia na mhimili kuna mwanya mwembamba kuliko ukucha. Vumbi linaloanguka tu haliingii hapo. Linasukumwa.

Akaichukua kofia yenyewe akaipeleka kwenye mwanga wa mlangoni. Iling'aa. Hakuna chembe, hakuna alama ya kidole, utadhani kijiko cha wageni. Koplo akageuka kuiangalia mashine. Daraja mbele lilikuwa safi pia. Alizunguka nyuma yake, akapitisha kidole. Kilitoka na vumbi zito kama blanketi.

Anayeisafisha hii anasafisha pale macho yanapofika. Fundi husafisha nyuma kwanza, maana anajua vumbi linakojificha. Huyu alikuwa anapamba.

"Redio!"

"Nipo!"

"Shemeji akimaliza kazi anasafishaje mashine?"

"Brashi na ile mashine ya kufyonza. Polepole. Utadhani anaogesha mtoto."

"Hapulizi na kompresa?"

"Aguse kompresa yangu?" Redio alicheka. "Upepo ule ni wa rangi tu, Koplo. Hapa hakuna anayeugusa ila mimi. Tena upuuzi mtupu kile kitu, kinavuja. Jioni naacha mtungi umejaa, asubuhi nakuta umeshuka nusu. Nimefunga kila mahali, nimeweka na sabuni nione mapovu. Sioni."

"Ijaze."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Ijaze, uizime, twende ukanionyeshe milango uliyopaka."

Redio alimwonyesha milango yote, na kila mlango na historia yake, na mteja wake, na mke wa mteja wake. Walipomaliza Koplo alikuwa na usingizi. Wakarudi kwenye kompresa. Mshale haukuwa umesogea hata unywele.

"Haivuji," alisema Redio, macho yamemtoka. "Sasa upepo wangu unaenda wapi?"

"Asubuhi nani anatangulia hapa?"

Redio alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu Koplo amjue, akaufunga.

Shemeji alikuwa getini, mfuko begani. Alishaaga lakini haendi, kama viatu vimepigwa misumari chini.

"Fungua mfuko," alisema Koplo.

"Sijaiba kitu, mzee."

"Fungua."

Mashati mawili, kandambili, taulo. Chini kabisa kifurushi kile, kimefungwa kwa karatasi ya nta. Koplo alikifungua. Beringi mpya, seti nzima, bado zina mafuta yake ya dukani.

"Jirani wa kona alikupa hizi."

"Hakunipa. Jioni nilikuwa namnolea visu vyake. Mpaka malipo yakafika bei yake."

"Na zile za kwanza?"

"Hivyohivyo."

"Na ulikuwa unaondoka nazo?"

"Nilitaka kumwachia Redio. Halafu nikafikiri, Redio atatangaza." Alijaribu kucheka. "Nikashindwa."

"Unazitia mpya, zinakufa. Unatafuta nyingine. Unajua zinakufa kwa nini."

"Sijui."

"Unajua."

"Mzee, mwambie ni mimi. Mambo yaishe. Mimi nitapata kazi popote, nina mikono."

"Unajua asubuhi mashine ile inafanywa nini?"

Shemeji aliangalia chini. Alichora kitu kwa ncha ya kiatu, akakifuta. Koplo alishahoji watu wengi, na alijua jibu linapokuja bila maneno.

"Usiende popote," alimwambia. "Ukitoka geti hili nitakukamata mimi mwenyewe, na sina hata pingu."

Ofisi ya Bosi ilikuwa chumba kidogo chenye meza, kalenda iliyopitwa na wakati na cherehani kwenye kona. Juu ya kizingiti cha dirisha kulikuwa na kichupa cha mafuta ya cherehani, kile chenye mdomo mrefu mwembamba. Kilikuwa kimebaki nusu.

"Unashona, dada?"

"Zamani, mito ya makochi. Siku hizi hata sindano imeshika kutu."

Ilikuwa imeshika kutu kweli. Koplo aliangalia sindano, akaangalia kichupa.

"Umemaliza?" Bosi aliuliza. "Amekwambia kwa nini?"

"Bado kitu kimoja. Mashine nimeikuta safi sana kwa mbele. Nataka kuona inasafishwaje."

Uso wa Bosi ulilainika. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile. "Umeiona? Wengine hawaoni. Hiyo ni mimi. Hao wangeiacha inuke."

"Nionyeshe."

Alichukua kichupa na kitambaa cha fulana laini, akatoka mbele yake, haraka, karibu kwa furaha. Koplo alikuwa ameisimamisha spindo mezani na kurudishia mhimili na kofia. Bosi alivuta mpira wa kompresa, akashika bunduki ya upepo kwa mikono miwili. Akapuliza pua ya spindo kwa karibu kabisa, akizunguka, akizunguka, kichwa kimeinama upande. Vumbi liliruka. Lingine halikuruka. Koplo aliliona likiingia kwenye ule mwanya mwembamba na kupotea.

Halafu akafuta. Kila pembe. Halafu akainamisha kichupa, tone moja huku, tone moja huku.

"Haya, amka," alisema kwa sauti ya chini. "Kumekucha."

Akashtuka. Alikuwa amesahau kuna mtu.

Koplo alijifanya anatafuta spana. "Nani alikufundisha hivi?"

"Mume wangu. Siku anaondoka. Begi liko mgongoni, gari linapiga honi, yeye bado ananionyesha. 'Kila asubuhi uipulize pua, uipe tone. Mashine ikipata upepo na tone, haitakusumbua mpaka nirudi.'"

"Mashine hii?"

"Hii hajaiona. Nilikuwa na randa, ile kubwa ya zamani, ya mkanda. Ilikuwa na vitundu vyake vya mafuta. Ilipochoka nikaiuza, nikanunua hii." Aliulaza mkono juu ya chuma. "Nilitaka akirudi aikute. Nikasema nitaitunza vilevile alivyosema, asije akasema nilizembea."

Koplo alichukua beringi iliyopasuliwa, akaiweka kwenye kiganja chake, akamwonyesha. Hakupamba maneno, hakujua kuyapamba.

"Randa ilikuwa inahitaji tone. Hii haihitaji, dada. Beringi zake zimefungwa na grisi yake ya maisha. Ukitia tone, unaiyeyusha. Ukipuliza puani, unasukuma vumbi ndani. Huu uji ndio ulioikamata."

Bosi aliugusa uji ule kwa kidole.

"Kila asubuhi?" aliuliza.

"Kila asubuhi kidogo."

"Na mara ile ya kwanza ilipokufa?"

"Na ile ya kwanza. Shemeji yako aliifungua Jumapili akaweka beringi mpya. Zikafa. Ametafuta nyingine, ziko mfukoni mwake. Alizilipia kwa kumnolea jirani visu."

Bosi aliweka kichupa chini. Akatembea mpaka getini, hakukimbia, lakini kanga ya begani ilianguka na hakuigeukia. Shemeji alimwona anakuja, akavua mfuko begani, akauvaa tena.

"Ulijua?" Bosi alimuuliza.

"Shemeji..."

"Nakuuliza, ulijua kama ni mimi?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku niliyowahi. Nikachungulia dirishani."

"Mdomo huna? Nimekutukana mbele za watu! Nimekufukuza! Ulishindwa nini kuingia ukasema, shemeji, unaharibu, acha?"

Kijana alikohoa. Bosi alifumba macho mpaka kikohozi kikapita.

"Ulikuwa unaongea nayo," alisema Shemeji. "Ulikuwa unamsimulia kaka habari za jana yake. Wateja, umeme ulivyokatika, mimi nilivyochelewa. Mpaka ukacheka. Sijakusikia ukicheka hivyo tangu aondoke. Sasa mimi ningeingiaje?"

Redio alikuwa nyuma ya mlango mmoja aliopaka, akipaka tena palepale.

Bosi aliinua mkono kama anataka kumpiga, ukafika kwenye mkanda wa mfuko, ukauvuta. Mfuko ulianguka kati yao.

"Ingiza hiki ndani," alisema. "Na hizo beringi mpe Koplo. Unanifanya nionekane sina akili mbele ya watu."

"Ndiyo, shemeji."

"Na kuruka ukuta tutaongea."

"Ndiyo, shemeji."

Beringi walizitia pamoja, Koplo akishika taa na Shemeji akishika bomba laini. Mgongo kwa mgongo, kidogo kidogo, safari hii kwa spana ya pini. Bosi alikaa kwenye ndoo akiangalia. Waliipandisha spindo kwenye daraja, wakarudisha maji, wakarudisha plagi. Jua lilikuwa limehamia upande wa pili wa bati.

"Bado," alisema Koplo Shemeji alipotaka kuweka kisu. "Beringi mpya haziamshwi kwa kelele. Mwendo mdogo kwanza, bila kisu, grisi isambae. Halafu unapandisha kidogo, unasubiri. Unapandisha, unasubiri. Na hata zikishazoea, kila asubuhi iendeshe taratibu kidogo kabla ya kazi. Basi. Hakuna upepo, hakuna tone."

"Na mimi?" Bosi aliuliza. "Asubuhi mimi nifanye nini?"

Shemeji alijishughulisha na waya uliokuwa tayari umefungwa.

"Kuna anayetakiwa kukaa nayo," alisema Koplo. "Inveta inaonyesha umeme, haionyeshi beringi zinavyojisikia. Mtu anaweka mkono hapa, karibu na pua, anaacha. Ikizidi joto kuliko anavyovumilia, anazima."

Bosi aliinuka. Alifuta kiganja kwenye gauni, akakiweka. Shemeji akawasha. Spindo ilianza taratibu, sauti nyembamba, sawasawa, haisagi meno. Walisubiri. Shemeji alipandisha mwendo kidogo, wakasubiri tena. Akapandisha tena.

"Imeanza kupata joto," alisema Bosi.

"Kiasi gani?" aliuliza Koplo.

Bosi alikuwa amefumba macho.

"Kama mtu," alisema.

"Basi iko sawa," alisema Koplo, akaanza kukusanya spana zake. Bosi hakuuondoa mkono.